Kabla ya Kumwita Mchawi, Kabla ya Kumnyima Mawese



Jumapili moja, baada ya mkutano wa kikundi chenu hapa Lulimba, mlibaki uwanjani mkijadiliana juu ya mama mzee wa mtaa wetu. Kwa muda wa miezi michache alikuwa amepotea mara mbili akitoka shambani, katika njia aliyoipita tangu ujana wake. Alikuwa amemwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki zamani. Usiku aliamka na kuzunguka uani. Mmoja wenu alisema kwamba mambo ya namna hiyo yanajulikana, na kwamba mzee anayetembea usiku hatembei bure. Mwingine alimpinga. Alikuwa amepokea ujumbe katika simu uliosema kwamba kolesteroli, yaani mafuta yaliyomo katika damu, ndiyo inayokula ubongo wa wazee, na kwamba dawa yake ni kuacha mafuta. Wajukuu wa yule mama, ambao walikuwapo, walisema kwamba ushauri huo wameshaufuata: kwa wiki tatu sasa nyanya yao anapewa sombe bila mawese na samaki bila mchuzi.

Mliniuliza: "Mwalimu, nani amesema kweli?" Sikujibu siku ile. Jambo hili linahitaji maelezo marefu kuliko yale yanayoweza kutolewa watu wakiwa wamesimama, tena nilitaka kwanza kusoma na kuwauliza wauguzi. Leo najibu kwa maandishi, na msimamo wangu ni huu. Wa kwanza amekosea kabisa, na kosa lake linaweza kuua. Wa pili ameshika kipande cha ukweli, lakini amekipeleka kwa mtu asiyehusika na kwa wakati usiofaa, na kosa lake nalo linaweza kumdhuru mzee.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kusahau mahali ulipoweka ufunguo si ugonjwa. Hata ninyi mnasahau. Kupungua kidogo kwa wepesi wa kukumbuka ni sehemu ya uzee. Lakini mtu anapopoteza uwezo wa kufanya mambo aliyoyafanya kila siku, anapouliza swali lilelile mara kumi kwa asubuhi moja, anaposhindwa kuhesabu fedha alizozoea, anapopotea karibu na nyumba yake, anapobadilika tabia bila sababu, na hali hiyo ikazidi mwezi baada ya mwezi, hapo tunasema ana demensia. Demensia si jina la ugonjwa mmoja tu. Ni jina la hali inayoletwa na magonjwa mbalimbali yanayoharibu ubongo. Ulio mashuhuri zaidi unaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyeueleza mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906, baada ya kuuchunguza ubongo wa mwanamke aliyekuwa mgonjwa wake. Wa pili unatokana na mishipa ya damu ya ubongo inayoziba au kupasuka, mara nyingine kwa kiharusi kikubwa kinachompoozesha mtu upande mmoja, mara nyingine kwa viziba vidogovidogo ambavyo hakuna aliyevitambua. Wazee wengi wana vyote viwili kwa pamoja.

Wapo wanaosema kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Sivyo. Katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro nchini Tanzania, watafiti walizunguka vijiji sita na kuwaona watu karibu 1200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba zaidi ya wazee 6 katika kila 100 walikuwa na demensia. Karibu nasi zaidi, katika Kongo-Brazzaville na Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 2011 na 2012, walichunguzwa wazee karibu 2000 wa miaka 65 na zaidi, mjini na kijijini. Walioonekana kuwa na ugonjwa walikaribia 7 katika kila 100. Wazee wale ni Waafrika kama wazee wetu. Kwa hiyo parokia yenye wazee mia moja wa umri huo isishangae kuwa na sita au saba wa namna hii. Swali ni kama tunawatambua, na tunawaita kwa jina gani.

Sasa, hiyo kolesteroli ni kitu gani? Ujumbe wa simu uliifanya ionekane kama sumu. Kumbe ni kitu cha lazima kwa uhai. Ni aina ya mafuta ambayo ini letu lenyewe linaitengeneza kila siku, hata kama hatukula mafuta. Mwili unaitumia kujenga kuta za chembe zake zote. Ubongo una haja nayo kuliko kiungo kingine chochote: uzito wake ni kama sehemu 2 katika 100 za uzito wa mwili, lakini umebeba karibu robo ya kolesteroli yote ya mwili. Tena ubongo hautegemei ile inayozunguka katika damu. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi ambacho kolesteroli haipiti, nao ubongo hujitengenezea ya kwake. Kwa hiyo picha ya mafuta ya chunguni yanayopanda kichwani na kuugandisha ubongo si ya kweli.

Ubaya unapatikana kwa njia nyingine. Kolesteroli husafiri katika damu ikiwa imebebwa na vifurushi vidogo. Aina moja ya vifurushi hivyo huitwa LDL. Vikizidi kwa miaka mingi, hujipenyeza katika kuta za mishipa ya damu na kuzifanya kuwa nene na ngumu, kama bomba la maji linalojaa uchafu ndani. Mishipa ya moyo ikiziba, moyo hushikwa. Mishipa inayoelekea ubongoni ikiziba, ubongo hukosa damu, na sehemu yake hufa. Hiyo ndiyo njia iliyo wazi zaidi kati ya kolesteroli na kupoteza kumbukumbu. Kuna pia uhusiano na ugonjwa wa Alzheimer wenyewe, kwa sababu mwaka 1993 watafiti waligundua kwamba watu waliorithi namna fulani ya protini inayobeba mafuta mwilini wana hatari kubwa zaidi ya kuupata. Namna kamili ya kazi yake bado inachunguzwa.

Uchunguzi wenyewe unasema nini? Nitataja mitatu, kwa sababu kijana anayetaka kusema kweli lazima azoee kuuliza: nani aliwahesabu watu, wangapi, na kwa muda gani?

Wa kwanza ni wa Finland. Watu 1449 walipimwa shinikizo la damu na kolesteroli walipokuwa na umri wa kati, kisha wakapimwa tena wakiwa wazee, baada ya wastani wa miaka 21. Matokeo yalitolewa mwaka 2001. Waliokuwa na shinikizo la juu sana au kolesteroli nyingi sana katika umri wa kati walionekana kupata Alzheimer zaidi kuliko wengine, na waliokuwa na vyote viwili walikuwa katika hatari zaidi.

Wa pili ni wa Afrika. Kwa miaka mingi wataalamu walilinganisha wazee Wayoruba wa mji wa Ibadan, Nigeria, na wazee Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba demensia mpya kwa mwaka ilikuwa kama 1.35 katika wazee 100 wa Ibadan, na 3.24 katika wazee 100 wa Indianapolis. Watu hao wana asili ya bara moja, lakini maisha yao yanatofautiana, na kati ya tofauti hizo wale wa Ibadan walikuwa na kolesteroli na shinikizo la damu vya chini zaidi. Baadaye, mwaka 2006, watafiti haohao walieleza kwamba hata ndani ya Ibadan, kwa wazee wasiorithi ile protini niliyoitaja, kolesteroli ilivyopanda ndivyo hatari ya Alzheimer ilivyopanda. Kwa wale walioirithi, uhusiano huo haukuonekana. Hapo mnaona kwamba jambo hili si jepesi kama ujumbe wa simu.

Wa tatu ni muhtasari mkubwa uliotolewa mwaka 2024 na tume ya wataalamu wa nchi nyingi iliyoundwa na jarida la tiba liitwalo The Lancet. Walitaja mambo 14 ambayo, kama dunia ingeyaondoa yote, karibu visa 45 katika kila 100 vya demensia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. LDL nyingi iliongezwa katika orodha kwa mara ya kwanza mwaka huo, kwa makadirio ya visa 7 katika 100. Lakini angalieni maneno waliyoyaweka: ni LDL nyingi katika umri wa kati.

Maneno hayo matatu, umri wa kati, ndiyo yaliyokosekana katika ujumbe wa simu. Madhara ya kolesteroli hujengeka kwa miaka ishirini au thelathini. Mtu akifika miaka 80, hesabu hubadilika. Kwa wazee wengi wanaoanza kuugua demensia, kolesteroli na uzito hupungua miaka kadhaa kabla ugonjwa haujatambulikana, kwa hiyo kumpima mzee wakati huo hakutuambii alivyokuwa zamani. Tena wamejaribu kuwapa wazee dawa za kupunguza kolesteroli ili kuona kama kumbukumbu italindwa. Katika majaribio makubwa mawili yaliyotangazwa mwaka 2002, moja la Uingereza lenye watu zaidi ya 20,000 na lingine la Scotland, Ireland na Uholanzi lenye wazee karibu 5800, dawa hizo ziliwakinga watu na maradhi ya moyo, lakini kwa upande wa akili hapakuonekana tofauti kati ya waliopewa dawa na wasiopewa. Aliyeandikiwa dawa hizo na daktari kwa ajili ya moyo wake aendelee kuzimeza. Lakini hakuna aliyerudishiwa kumbukumbu kwa kunyimwa mafuta uzeeni.

Tuseme basi juu ya mawese, kwa kuwa ndiyo yaliyoleta ugomvi. Mawese yenyewe hayana kolesteroli, kwa sababu yanatoka katika mti, na kolesteroli hutoka kwa wanyama. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina ile inayoganda, ambayo yakiliwa mengi hulifanya ini kuongeza LDL katika damu. Kwa upande mwingine mawese mekundu yana chanzo cha vitamini A, inayohitajika kwa macho na kwa kinga ya mwili, nayo hulipa shibe sahani la mtu asiye na nyama wala maziwa. Kwa hiyo nasema hivi. Mimi mwenye miaka hamsini na zaidi, ninayekaa ofisini na kutembea kidogo kuliko zamani, nina sababu ya kupunguza mawese, ngozi ya nyama na maandazi ya kukaangwa, na kuongeza maharage, lengalenga, matunda na dagaa wa ziwa letu la Tanganyika. Ninyi mna sababu ya kuanza mazoea hayo mapema. Lakini mama wa miaka themanini aliyekonda, ambaye chakula kimeanza kumshinda, mkimwondolea mawese katika sombe mnamwondolea sehemu kubwa ya nguvu iliyobaki katika sahani yake, na pia ladha inayomfanya akubali kula. Kwa wiki tatu wale wajukuu walimfunga nyanya yao kwa nia njema. Nia njema haimpi mtu nguvu za kusimama.

Kuna jambo lingine linalonisumbua katika ujumbe ule. Unatufanya tutazame kolesteroli peke yake, huku milango mingine iko wazi katika nyumba zetu. Katika ile orodha ya mambo 14 kuna pia kukosa shule utotoni, uziwi, upofu usiotibiwa, majeraha ya kichwa, shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, pombe nyingi, unene uliopita kiasi, kutojishughulisha kwa mwili, huzuni kubwa ya muda mrefu, hewa chafu, na upweke. Uziwi umepewa uzito uleule wa LDL, yaani 7 katika 100. Kukosa shule na upweke wamevipa 5 kila kimoja. Makadirio hayo ni ya dunia nzima na si ya Fizi. Hata hivyo, someni orodha hiyo mkifikiri juu ya wazee wetu.

Ni wangapi kati yao walikatishwa masomo na vita? Waliokuwa watoto mwaka 1964, wakati wa uasi, walikimbilia msituni wakaacha madaftari. Waliokuwa watu wazima mwaka 1996 walivuka ziwa kwenda Kigoma, na wengi walikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu. Kuna waliopigwa kichwani. Kuna waliowazika watoto wao na hawajawahi kuongea juu yake na mtu yeyote. Mama zetu wamepika miaka hamsini katika jiko la kuni lisilo na dirisha. Vijana wanaorudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Misisi wanajua jinsi pombe kali inavyopatikana huko kwa urahisi, na jinsi wenye pikipiki wanavyoanguka bila kofia. Mnaona basi: ulinzi wa akili ya uzeeni unaanzia mahali ambapo hatukufikiri kuutafuta. Msichana anayemaliza masomo badala ya kuolewa akiwa na miaka kumi na mitano analinda ubongo wake wa miaka sabini. Kijana anayetoboa dirisha katika jiko la mama yake anafanya kazi hiyohiyo. Anayemtembelea mzee kiziwi na kukaa karibu naye ili asikie, naye pia.

Na kama mnataka kuanza na kipimo kimoja, anzeni na shinikizo la damu. Kupima kolesteroli kunahitaji maabara na fedha. Kupima shinikizo kunahitaji chombo kidogo na dakika tano, na shinikizo likiwa juu kuna dawa zake. Mtu hahisi chochote shinikizo linapopanda, na ndiyo sababu wengi hulijua siku wanapoanguka. Ninawaomba mwahimize wazazi wenu, waliofikia miaka arobaini na zaidi, wapimwe walau mara moja kwa mwaka. Mimi mwenyewe niliahirisha kwa miaka minne nikisema sina homa.

Sasa nimrudie yule aliyesema kwamba mzee hatembei usiku bure. Nina deni la kuungama hapa. Nilipokuwa mwalimu kijana, katika kijiji ambacho sitakitaja, palikuwa na mzee aliyeanza kuingia katika nyumba za watu akidai ni yake. Aliongea peke yake na watu waliokwisha kufa. Mtoto mmoja wa jirani alipokufa kwa homa, vijana walimwuliza mzee kama ndiye aliyemla, naye akajibu ndiyo. Walimfukuza usiku ule, nyumba yake ikabomolewa, na baada ya siku chache alikutwa amekufa kando ya mto. Mimi nilikuwa nimesoma, nilikuwa nafundisha dini, na nilinyamaza. Nilijiambia kwamba amekiri mwenyewe.

Leo najua kile ambacho sikukijua. Mtu mwenye demensia huamka usiku kwa sababu saa ya mwili wake imevurugika. Huingia nyumba ya jirani kwa sababu anaitafuta nyumba ya utoto wake. Huwasema watoto wake kwamba wamemwibia kwa sababu hakumbuki mahali alipoficha kitu. Husema na marehemu kwa sababu kumbukumbu za zamani zimebaki wakati za jana zimefutika. Na ukimwuliza swali kwa ukali mbele ya umati, atajibu ndiyo kwa swali lolote, kwa hofu au kwa kutoelewa. Mwulizeni kama ndiye aliyeumba Tanganyika, atasema ndiyo. Ungamo la mtu wa namna hiyo si ushahidi wa kitu chochote isipokuwa ugonjwa wake. Mambo yote ambayo watu huyahesabu kuwa dalili za uchawi, wauguzi huyaandika katika daftari kama dalili za ubongo unaougua.

Msidhani kwamba hayo ni ya zamani. Mwezi wa Septemba 2021, hapa katika Kivu ya Kusini, wanawake wasiopungua wanane waliuawa kwa kuchomwa moto au kupigwa, wakituhumiwa uchawi. Ng'ambo, katika mji wa Brazzaville, watafiti wameandika juu ya wazee wenye demensia walioitwa wachawi na jamaa zao wenyewe. Mara nyingi mikono inayotenda hayo ni ya vijana, na hiyo ndiyo sababu ninawaandikia ninyi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inampa mzee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Na miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita, Yoshua bin Sira, katika sura ya tatu ya kitabu chake, alimwagiza mwana amvumilie baba yake hata pale akili zake zinapopungua, asimdharau kwa kuwa yeye bado ana nguvu. Yule mwenye hekima aliijua hali hii, na hakuiita uchawi.

Nani basi atafanya nini? Naweka mambo machache yanayowezekana hapa kwetu.

Kwanza, tofautisheni ghafula na polepole. Mzee aliyekuwa na akili zake juzi, na leo anaropoka, ana ugonjwa wa haraka: malaria, maambukizi, kukaukiwa na maji, sukari iliyoshuka, au kiharusi. Apelekwe kituo cha afya siku ileile, kwa maana wengi wa hao wakitibiwa upesi hupona. Aliyebadilika polepole kwa miezi naye apelekwe, hata kama si mbio, kwa sababu kuna hali zinazofanana na demensia na zina dawa: huzuni kubwa, upungufu wa damu au wa vitamini fulani, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kaswende ya zamani, hata masikio yaliyoziba tu.

Pili, msibishane na mzee aliyesahau. Akimwuliza marehemu kaka yake yuko wapi, msimwambie kila mara kwamba alikufa, maana kila mara ataomboleza upya. Mwulizeni kaka yake alikuwa mtu wa namna gani, mkae mmsikilize. Semeni naye mkiwa mbele ya uso wake, kwa sentensi fupi, kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Mpeni kazi ndogo anayoiweza: kuchambua maharage, kumenya karanga. Kule Hai wamewakusanya wazee wenye demensia katika vikundi vya kuongea, kuimba na kufanya kazi za mikono, wakaona kwamba hata bila dawa hali zao zilipata nafuu. Kikundi cha vijana kinashindwa nini kufanya hivyo mara moja kwa wiki?

Tatu, msimwachie mzigo mtu mmoja. Katika nyumba nyingi anayelala macho kwa ajili ya mzee ni mkaza mwana mmoja, au msichana aliyetolewa shuleni kwa ajili hiyo. Gawaneni zamu. Jumuiya ya mtaa ikijua nani ni mgonjwa na njia zake ni zipi, atakayemkuta karibu na mto atamshika mkono na kumrudisha, badala ya kupiga kelele.

Nne, neno uchawi likitajwa juu ya mzee, kijana mmoja aondoke upesi kwenda kumwita mkubwa wa mtaa, padri au muuguzi, na wengine wakae naye hadi wafike. Msingoje kundi likue. Kundi likishakua, hakuna anayesikiliza.

Mtaniuliza juu ya yule mama. Alipelekwa kituo cha afya na mjukuu wake mkubwa. Shinikizo lake lilikuwa juu, akapewa dawa. Sikio moja lilikuwa limezibwa na uchafu, likasafishwa, na sasa anajibu mambo ambayo tulidhani hayaelewi. Njia ya shambani bado inampotea, na muuguzi hakutudanganya: hali hiyo haitarudi nyuma. Anaposimama kwenda shambani, kuna mtoto anayefuatana naye. Sombe yake imerudishiwa mawese, kwa kiasi, naye amerudi kula.

Mjukuu yule ana miaka ishirini na minne. Siku ile kituoni muuguzi alipomaliza kumpima nyanya, kijana alinyosha mkono wake mwenyewe akasema, "Nipime na mimi." Wenzake waliokuwa wanangoja nje walicheka. Kisha wawili kati yao wakaingia.